Mguu Usiotakiwa Kuloa

Wiki iliyopita mwanangu wa mwisho alichubuka goti shuleni, nikafungua chupa ya iodini ninayoiweka juu ya kabati. Harufu ilinijia kabla dawa haijagusa ngozi, nikabaki nimeshika pamba hewani huku mtoto akinitazama, akidhani nimemwonea huruma. Wengine harufu hiyo huwapeleka hospitali. Mimi hunipeleka ng'ambo, ndani ya basi lililojaa akina mama wanaoimba, mguu wangu wa kushoto umenyooshwa juu ya mapaja ya mwanamke ambaye wakati ule nilikuwa na hakika kwamba anakwenda kunitupa.

Tulikuwa tukikaa Likasi, katika nyumba za wafanyakazi, mahali ambapo shuka jeupe likianikwa siku ya upepo mbaya huanuliwa likinuka kiwanda. Papa alifanya kazi huko kiwandani kwa zamu. Mama yangu mzazi alitoka upande wa Zambia, mjini Kitwe, na alifariki nilipokuwa nimeanza tu shule. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka jinsi watoto tulivyokuwa tukiambiwa habari za vifo: hatukuambiwa. Mimi niliambiwa Mama amesafiri. Nikangoja. Nikaona nguo zake zikigawanywa, nikaona watu wakija na kulia na kula na kuondoka, nikaendelea kungoja, mpaka siku moja nikaacha kuuliza bila mtu yeyote kuniambia niache. Kwa hiyo neno safari lilikuwa limekaa kichwani mwangu na maana yake peke yake. Mtu akisafiri, nguo zake hugawanywa.

Halafu akaja Tante Odette, mke mpya wa Papa. Alikulia Mulungwishi, karibu na misheni, na huko ndiko alikojifunza ushonaji. Aliingia nyumbani kwetu na cherehani yake, akaiweka chini ya dirisha la sebule, na tangu siku hiyo nyumba ikawa na mlio mpya. Hakunibembeleza. Hakuniambia nimwite Mama, wala hakuniletea peremende kama shangazi zangu walivyonitabiria kwa dharau. Siku ya pili aliniita, akanipima mabega na kiuno kwa utepe wake bila kusema neno, na Jumapili nikaenda kanisani na gauni jipya. Nililivaa kwa kinyongo. Niliona mtu anayekupima bila kutabasamu anakutafutia mahali pa kukuweka. Alipojifungua Deo, mdogo wangu, nikaona hesabu imekamilika. Nyumba ilikuwa na baba, mama na mtoto, na mimi nilikuwa nimebaki nje ya picha.

Ndipo akina mama wa parokia wakapanga safari ya kwenda kuona maporomoko makubwa ya Zambia wakati wa likizo ya Pasaka. Basi lingekodiwa, na kule kungekuwa na kiongozi wa watalii wa kuwapokea na kuwatembeza. Kila mama aliruhusiwa kwenda na mtoto mmoja, mradi awe mkubwa wa kutosha kutembea mwenyewe. Deo alikuwa bado anatembea kwa kushika viti. Tante Odette akasema atanichukua mimi. Nilisahau kinyongo chote. Nililitangazia darasa zima kwamba nakwenda nje ya nchi, na kwamba kule hata udongo una rangi nyingine, kwa sababu kwenye ramani ya ukutani Kongo ilipakwa kijani na Zambia waridi, na mimi niliamini mchora ramani alikwenda akaona.

Kisha nikaumia. Siku chache kabla ya kuondoka tulikuwa tukicheza nzango uani, mnajua wenyewe, wasichana wawili wawili, makofi, kuruka, na mguu kutupwa mbele kwa wakati mmoja na mwenzako. Nilikuwa hodari. Niliruka juu kuliko wote, nikatua kando ya mtaro palipokuwa na bati lililochanika, kandambili ikageuka, na bati likapasua wayo wangu kutoka chini ya vidole hadi karibu na kisigino. Sikumbuki maumivu. Nakumbuka Tante Odette akitoka mbio na uzi mdomoni, akinibeba begani kama gunia la unga hadi zahanati. Nesi alishona, akapaka iodini, akafunga bendeji, akachoma sindano ya pepopunda. Akasema kwa Kifaransa cha kuogofya kwamba mguu huo usikanyage chini na usiguse maji hata kidogo mpaka nyuzi zitolewe.

"Na safari?" nikauliza.

"Safari kwenda wapi?"

"Kuona maji," nikasema, na nesi akacheka mpaka akakaa chini.

Alasiri ya siku iliyofuata mvua kubwa ilinyesha. Nilikuwa nimelala chumbani, mguu juu ya mto, na upande wa pili wa ukuta Papa na Tante walikuwa wakizungumza. Kelele ya mvua juu ya mabati ilikula karibu kila kitu. Nilisikia "muguu". Nilisikia jina la dada mkubwa wa mama yangu, Mama Mukubwa Charity, aliyekuwa akiishi kule Kitwe. Halafu mvua ikapungua kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, nikasikia sauti ya Tante Odette waziwazi:

"Tutamuacha Kitwe."

Na sauti ya Papa ikajibu, "Njo vizuri," yaani ndiyo vizuri.

Mvua ikarudi. Sikusikia zaidi, wala sikuhitaji. Kila kitu kilikaa mahali pake: kipimo cha utepe, Deo, kuchaguliwa kwangu, safari. Sikulia. Siku zilizobaki niliaga vitu kimyakimya. Niliuaga ukuta wa jikoni nilipokuwa nikichora kwa mkaa. Nilimruhusu Deo anivute nywele apendavyo. Katika begi langu dogo nikaficha picha ya ubatizo wangu na kitambaa cha kichwa cha Mama, kile kimoja kilichoponea mgao. Papa aliponiaga alfajiri alinishika kidevu akasema, "Umusikilize Tante yako." Nikamtazama sana ili nisimsahau.

Basi lilijaa. Akina mama walikuwa wamevaa kitenge cha aina moja, wanaimba tangu tunatoka mjini. Tante Odette alikaa dirishani, akanigeuza nikae upande, akauweka mguu wangu wenye bendeji juu ya mapaja yake, na hivyo ndivyo tulivyosafiri. Kila basi lilipoingia shimoni aliunyanyua mguu kwa mikono miwili, mshtuko ukapita chini yake. Alifanya hivyo bila kukatiza wimbo. Niliona, lakini nilijieleza mwenyewe kwamba hata mbuzi wa kuuzwa hushikwa vizuri njiani.

Mpakani Kasumbalesa malori yalikuwa yamepanga foleni hadi macho yanachoka. Tulivuka, nikabandika uso kwenye kioo kungoja waridi. Udongo ulikuwa mwekundu. Mwekundu uleule wa kwetu, na vichuguu vilevile, na wanawake walewale wanaouza mkaa kando ya njia. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba magari yote yalihamia upande wa kushoto, na Mama Régine aliyekaa nyuma yetu akaanza kusali kwa sauti kila tulipopishana na lori. Nilihisi nimedanganywa na ramani. Nikafikiri, kama hata hiyo inadanganya, nani atasema kweli?

Kitwe tulisimama kwenye kituo cha mafuta tu. Mama Mukubwa Charity alikuwa akingoja hapo na kapu la karanga za kuchemsha. Nilijua ndipo nitakapoachwa. Nikashika begi langu. Alipanda ndani ya basi, mnene, mwenye mwanya kama wa Mama, akanikumbatia akilia kwa Kibemba, "Mwana wandi, mwana wandi," mwanangu, mwanangu. Kisha akauangalia mguu, akaongea na Tante Odette kwa sauti ya chini, akashuka. Dirishani akapaza sauti kwa Kiswahili chake kizito: "Mukirudi! Mukirudi njo tutakaa muzuri!" Basi likaondoka na mimi ndani yake. Kumbe wataniacha wakati wa kurudi, nikawaza. Wananionyesha maji kwanza.

Nchi ile ni ndefu. Tulilala kwenye ukumbi wa kanisa njiani, tukasafiri tena mchana kutwa, na asubuhi yake ndipo tukafika penyewe. Kiongozi wetu alikuwa kijana mrefu aitwaye Bwana Mulenga, mwenye fimbo iliyofungwa kitambaa chekundu ili tusimpoteze. Kiswahili alikijua kwa sababu zamani aliosha malori ya Wakongo mpakani, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili chenye matusi mengi ambayo hakujua kwamba ni matusi. Akina mama walijifunika midomo. "Bamama, mufuate kitambaa," alisema. "Mbele kule mvua inatoka chini, inapanda juu. Hapana kukimbia. Hapana kupatia nyani chakula."

Nilikuwa nayasikia maji kabla ya kuyaona. Hayakuwa kelele, yalikuwa kama mtetemo ndani ya meno. Juu ya miti kulikuwa na moshi mweupe, na mimi mtoto wa Likasi nikasema kimoyomoyo kwamba hata huku wana kiwanda. Langoni nyani walikuwa wamekaa ukutani kama wazee wa baraza. Mmoja alimnyang'anya Mama Régine ndizi mkononi, akaimenya akimtazama machoni. Kila mtu alikodi koti la mvua la plastiki. Bwana Mulenga akanifikia mimi niliyesimama kwa mguu mmoja, nimeegemea kiuno cha Tante.

"Huyu iko na nini?"

"Muguu yake iko na nyuzi," Tante akajibu. "Haitakiwi kuloa."

"Ah, Mama, hapa kila kintu inaloa. Na daraja iko na utelezi mubaya." Akatazama huku na huku, akaonyesha benchi karibu na kibanda cha makoti, chini ya ule ukuta wa nyani. "Tutamuacha hapa. Ile mama wa makoti atamuangalia."

Tutamuacha hapa. Yale maneno niliyokuwa nimeyameza tangu Likasi yalikuja tena, mchana kweupe, mbele ya watu. Kitu kilikatika ndani yangu. Nilianza kupiga kelele ambazo mpaka leo sijui zilitoka wapi.

"Si hapa!" nikalia. "Muniache Kitwe! Mulisema Kitwe! Musiniache na manyani!"

Akina mama wakanyamaza. Hata nyani, nakumbuka, walinyamaza. Tante Odette akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Nani alisema Kitwe?"

"Weye! Ulisema na Papa. Mvua ilikuwa inanyesha. Ulisema, tutamuacha Kitwe. Na Papa akasema njo vizuri." Nikavuta kamasi. "Nguo zangu mupatie Deo, akikuwa mukubwa."

Sikujua wakati huo kwa nini nguo ndizo zilizomvunja. Lakini niliona mdomo wake ukitetemeka, yeye ambaye sikuwahi kumwona akilia hata siku sindano ya cherehani ilipopenya kidole chake. Alisimama, akavua koti la plastiki, akafungua kitenge cha pili kiunoni. Akauingiza mguu wangu katika mfuko wa plastiki, juu yake mfuko mwingine, akaukaza kwa kipande cha mpira wa baiskeli alichokuja nacho mkobani. Alikuja nacho kutoka Likasi, yaani alikuwa amekifikiria huko huko. Kisha akageuka, akachuchumaa.

"Panda."

"Minye ni mukubwa."

"Nadine. Panda."

Nikapanda mgongoni. Mama Régine akasaidia kufunga kitenge, Tante akakivuta kifuani na kukipiga fundo la mtu anayejua nguo. Miguu yangu ilining'inia hadi karibu na magoti yake. Juu yetu wote wawili wakatandaza koti. "Mama, hii si mutoto wa mugongo," Bwana Mulenga akasema. Tante akamwambia, "Weye shika kitambaa yako, tunafuata."

Alimfuata kweli. Njia ilishuka kati ya miti inayochuruzika, kisha miti ikaisha na tukatokea kwenye daraja jembamba la watembea kwa miguu, korongo upande huu na korongo upande ule, na mbele yetu ukuta wa maji mweupe usio na mwanzo wala mwisho. Mvua ilikuwa inapanda kama alivyosema. Ilituingia puani kutoka chini. Bwana Mulenga aliacha kuongoza, akaja kumshika Tante kiwiko, na fimbo yake akampa mama mwingine. Nilifumba macho, nikalaza sikio langu mgongoni mwake. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba zilikuwa kama kimya. Lakini kupitia mgongo ule nilisikia kitu kingine, mvumo mdogo, unakuja na kukatika. Tante Odette alikuwa anaongea. Katikati ya daraja, ambapo hakuna binadamu angeweza kumsikia, alikuwa anaongea na mtu, na nilihisi maneno yake shavuni bila kulipata hata moja.

Nilifumbua macho mara moja tu. Chini ya miguu yake kulikuwa na upinde wa mvua, mduara mzima, umejikunja kama bangili, na mguu wangu ndani ya mfuko ulikuwa unaning'inia juu yake.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, ilionekana kwamba mifuko ilivuja. Bendeji ilikuwa chapachapa, na mwisho mmoja wa kidonda ulikuwa umefunguka kidogo. Tante Odette hakupiga kelele. Aliomba pasi kwa mwenye nyumba, akachana leso yake nyeupe ya Jumapili vipande virefu, akaifua kwa maji ya moto na kuipiga pasi mpaka ikakauka na kutoa mvuke, kisha akafungua chupa ya iodini. Harufu ile. Nilikaza meno. Akafunga mguu taratibu, kila mzunguko ukilala juu ya mwenzake kama pindo.

Ndipo akasema, bila kuinua uso, "Nilikuwa nauliza."

"Unauliza nini?"

"Ile siku ya mvua. Papa yako alisema weye uachwe Kitwe sababu ya muguu, upumuzike, sisi tuende, tukupitie kwa kurudi. Minye nikashangaa, nikamuuliza: tutamuacha Kitwe?" Safari hii sauti yake ilipanda mwishoni, kidogo tu, kama mtu anayepanda ngazi moja. "Akasema njo vizuri. Nikamwambia hapana. Mutoto alishaambia shule yote."

Ngazi moja. Mvua ilikuwa imekula ngazi moja tu.

"Na pale darajani ulikuwa unaongea na nani?"

Akakata uzi kwa meno.

"Na mama yako."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kumtaja mbele yangu hivyo, kama mtu anayeweza kuongeleshwa. "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nimekufunga na nguvu. Na asiangalie chini."

Kisha akaniambia kwamba Mama hakusafiri. Aliniambia kwa maneno machache na ya kweli, ugonjwa gani, na amezikwa wapi pale Likasi, na kwamba tukirudi, mguu ukipona, atanipeleka. Nililia kilio nilichokuwa nacho tangu darasa la kwanza. Hakunibembeleza hata wakati huo. Alikaa tu, ameushika mguu wangu.

Wakati wa kurudi tulilala Kitwe nyumbani kwa Mama Mukubwa Charity, na asubuhi, basi likiwa tayari linapiga honi nje, Mama Mukubwa akasema lile ambalo labda alilibeba miaka yote. Alisema mimi ni damu ya mdogo wake, kwamba nyumba yake ina nafasi na shule iko karibu, na kwamba Odette bado ni kijana, atazaa watoto wake wengi. "Muniachie huyu," akasema. Sauti yake haikuwa mbaya. Alikuwa anaomba.

Tante Odette alikuwa ameshika begi langu. Niliona vidole vyake vikikaza. Angeweza kukataa, angeweza kusema Papa hajakubali. Badala yake akanigeukia, akauliza polepole, akipandisha sauti mwishoni kwa makusudi ili hata mvua ya Likasi isiweze kuila:

"Nadine, unataka kubaki?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu kikubwa hivyo. Nilitazama mwanya wa Mama Mukubwa, nikaupenda. Nilitazama mguu wangu.

"Nyuzi bado hazijatolewa," nikasema.

"Hata huku kuko hospitali, mwana wandi."

"Ndiyo. Lakini Tante njo anajua kufunga."

Mama Mukubwa alifuta macho, akacheka, akanijazia karanga mifukoni. Tante Odette alinibeba hadi kwenye basi ingawa mikongojo aliyoniazimia Mama Mukubwa ilikuwa mlangoni, na hakuimba na wenzake mpaka tulipofika mpakani.

Sikuwahi kumwita Mama. Lile jina lilikuwa na mwenyewe, na yeye ndiye aliyenionyesha kaburi lake, tukapalilia pamoja. Ni Tante hadi leo. Anaishi nyumba ileile, na macho hayapitishi tena uzi kwenye sindano. Kila ninapotoka Lubumbashi kwenda kumwona hulalamika mgongo, na wageni wakimuuliza umeanza lini, hunyoosha kidole kwangu. "Muulizeni huyu. Alikuwa muzito kama mufuko ya simenti, na alikataa kubaki Kitwe." Nami huchemsha maji, nikaloweka taulo, nikamkanda polepole mpaka anapoacha kulalamika na kuanza kusinzia.